Utu Uzima na Obuntubulamu: Swali la Maisha Mema katika Historia ya Kampala

Utangulizi

Mtu aishi vipi hata aitwe mwenye heri? Swali hili ni la kale, na kila taifa lina namna yake ya kuliuliza. Wayunani waliliuliza sokoni na chuoni. Aristotle akajibu kwamba heri ya mtu si mali wala sifa, bali ni kutenda mema kwa kudumu, umri wake wote. Waislamu waliliuliza pia, na mwanachuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, akaandika kitabu kizima juu ya kemia ya saada, akaonyesha kwamba mtu hapati heri mpaka aijue nafsi yake na amjue Mola wake.

Wasomi wetu huzoea kuishia hapo, kana kwamba fikra hizi zilizaliwa ng'ambo tu, na sisi kazi yetu ni kuzipokea. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika vilima vya Kampala swali hilo limejadiliwa kwa karibu miaka mia na themanini, mbele ya wafalme, katika madarasa, na wakati mwingine mbele ya mtutu wa bunduki. Tutaonyesha pia kwamba Kiswahili kilikuwapo katika mjadala huo tangu mwanzo wake, mara kikiwa chombo cha hekima, mara kikiwa chombo cha hofu. Jambo hili la pili si dogo kwa mwalimu wa Kiswahili afundishaye Uganda, na ndilo litakalotushughulisha zaidi kuelekea mwisho.

Maneno yenyewe

Yafaa tuanze na maneno, maana mwalimu wa lugha hana ghala jingine. Kiswahili kina maneno mengi yanayokaribia maana ya maisha mema, na kila moja lina upande wake. Raha, neno lililotoka katika Kiarabu, asili yake ni mapumziko: mwili umetua mzigo. Furaha ni mwamko wa moyo. Huja na huondoka. Baraka hutoka kwa mwingine, kwa Mungu au kwa mzazi, na mtu hawezi kujipa mwenyewe. Amani ni hali ya kutokuwa na khofu.

Heri ni neno la ajabu kuliko yote hayo. Tunamtakia mtu heri, tunaagana kwa heri, na papo hapo twalitumia neno hilo hilo kupima na kuchagua. Wahenga walisema, "Heri kufa macho kuliko kufa moyo." Katika methali hiyo heri haina maana ya furaha hata kidogo, kwa kuwa hakuna furaha katika upofu. Maana yake ni kwamba mtu ameweka mambo mawili katika mizani, akaona lipi lina uzito zaidi. Basi kwa Mswahili, mwenye heri ni yule aliyejua kuchagua, na anayecheka sana huenda asiwe na heri yoyote.

Hata maamkizi yetu yana falsafa ndani yake. Tunapouliza "Hujambo?" tunauliza kama mwenzetu hana jambo, yaani kama halikumpata lolote la kumsumbua. Naye hujibu "Sijambo." Hatukuuliza kama amepata mali, wala kama ana furaha. Tumeridhika kwamba hana jambo, na kwamba mazungumzo yanaweza kuendelea.

Sasa tuitazame Luganda, lugha ya wenyeji wa Kampala. Furaha kwao ni essanyu. Amani ni emirembe, na neno hilo lina udugu na omulembe, yaani enzi au kipindi cha utawala. Msikilizaji anaweza kuelewa kwamba amani ya watu hupimwa kwa enzi wanazoishi. Lakini neno lililo kuu katika maadili yao ni obuntubulamu. Tulichambue. Obuntu ni utu. Shina lake ni lile lile la mtu na utu. Bulamu hutokana na shina -lamu, lenye maana ya -zima: lenye uhai, lenye afya, lisilo na kasoro. Basi obuntubulamu, likifasiriwa neno kwa neno, ni utu uzima.

Hapo mwalimu wa Kiswahili hana budi kushtuka, kwa maana neno hilo tunalo. Utu uzima kwetu ni umri: ni hali ya mtu aliyevuka ujana. Kwa Waganda, utu uzima ni tabia: ni heshima, ukarimu, aibu ya kutenda maovu, na kumjali jirani. Lugha mbili ndugu zimechukua mawe mawili yale yale na kujenga nyumba mbili tofauti. Hata hivyo nyumba hizo zinatazamana, kwa kuwa katika Kiswahili pia mzee akimwambia kijana mkaidi, "Wewe ni mtu mzima sasa," hamkumbushi idadi ya miaka yake tu. Humkumbusha wajibu wake.

Tutaitumia fikra hii ya utu uzima kama taa ya kumulikia historia.

Barazani kwa Kabaka

Mapokeo yanasema kwamba mnamo mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Ahmed bin Ibrahim alifika katika ufalme wa Buganda, akapokelewa na Kabaka Suuna wa Pili. Siku moja Kabaka aliamuru watu wauawe, kama ilivyokuwa desturi katika enzi yake. Ahmed akasimama mbele ya baraza zima, akamwambia mfalme kwamba watu wale wameumbwa na Mungu, ambaye ndiye aliyempa yeye ufalme, na kwamba si halali kuwaangamiza bila sababu. Suuna akajibu kwamba ufalme wake aliupata kwa miungu yake mwenyewe. Hata hivyo hakumdhuru mgeni wake. Bali baadaye alitaka kusikia zaidi juu ya Mungu huyo.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama mwanzo wa Uislamu nchini Uganda. Lakini ndani yake mna pia swali letu. Katika baraza la Kabaka, maisha mema yalikuwa na maana iliyo wazi: kuwa karibu na mfalme. Vijana walipelekwa ikulu na jamaa zao wakatumike, wakitumaini kupata cheo na ardhi ya kutawala. Aliyependwa na Kabaka aliinuka kwa siku moja, na aliyechukiwa akaanguka kwa siku moja. Heri ya mtu ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Neno la Ahmed lilikuwa geni kwa sababu lilidai kwamba thamani ya mtu haitoki kwa mfalme, na kwa hiyo mfalme hawezi kuifuta.

Mutesa wa Kwanza, aliyemrithi Suuna mnamo mwaka 1856, alikuwa mtu mwenye shauku ya mjadala. Alijifunza Kiarabu na Kiswahili, na tangu mwaka 1867 alifunga Ramadhani kwa muda wa miaka kama kumi. Mwaka 1875 Stanley alipofika, mazungumzo ya dini yaliendeshwa kwa msaada wa Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari wa Unguja. Stanley alipoondoka, Maftaa alibaki ikulu amsomee mfalme Maandiko. Alexander Mackay, aliyefika mwaka 1878, naye alitegemea Kiswahili katika mafundisho yake ya kwanza kabla hajaimudu Luganda. Mapadri wa Kikatoliki walifika mwaka 1879. Ikawa kwamba katika ukumbi mmoja Mwislamu, Mprotestanti na Mkatoliki walibishana juu ya mwisho mwema wa mwanadamu, na Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha za kukutania.

Tusipite bila kutaja neno moja la Luganda lililozaliwa katika ukumbi huo. Okusoma ni kusoma, kama ilivyo katika Kiswahili. Lakini lilipata pia maana ya kuabudu na kufuata dini. Wafuasi wa dini mpya waliitwa abasomi, wasomaji. Kusoma na kutafuta njia njema ya kuishi yalikuwa jambo moja.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Katikati ya miaka ya 1870 vijana Waislamu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu waliuawa kwa amri ya Mutesa, aliyehofu kwamba wametii sheria iliyo juu ya sheria yake. Kati ya mwaka 1885 na 1887, chini ya Kabaka Mwanga, zamu ilikuwa ya Wakristo. Siku ya tarehe 3 Juni 1886, Charles Lwanga na wenzake walichomwa moto huko Namugongo, mashariki mwa jiji la leo. Wakatoliki ishirini na wawili kati ya waliouawa miaka hiyo walitangazwa watakatifu mwaka 1964, na Waanglikana ishirini na watatu hukumbukwa pamoja nao.

Kwa macho ya ikulu vijana hawa walipoteza kila kitu: cheo, urithi na uhai. Kwa kipimo cha methali yetu walichagua kufa macho kuliko kufa moyo. Lakini historia haitaki tuwe wepesi wa kusifu. Miaka miwili tu baadaye, wasomaji wale wale waligeukiana. Tangu mwaka 1888 Waislamu na Wakristo walipigana wakiwania ufalme, na Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana Mengo, huku Kapteni Lugard akiwasaidia Waprotestanti kwa bunduki za Maxim. Watu waliokuwa wamejua kufa kwa ajili ya heri yao hawakujua kuishi na jirani mwenye heri nyingine. Walikuwa na imani nzima, lakini utu uzima ulipungua.

Ardhi, pamba na shule

Lugard alikuwa amefika Desemba 1890 na kujenga ngome yake juu ya kilima kilichoitwa kilima cha swala, ndicho kilichoupa mji jina la Kampala. Tarehe 10 Machi 1900 ulitiwa sahihi Mkataba wa Buganda. Kwa mkataba huo takriban maili za mraba 8,000 zilitengwa ziwe mashamba ya machifu na watu wengine wapatao elfu moja. Ndiyo ardhi inayoitwa mailo mpaka leo, neno lililotokana na maili.

Badiliko hili halikuwa la sheria peke yake. Zamani chifu alihitaji watu, kwa kuwa aliyekimbiwa na watu wake hakuwa chifu tena. Mkulima aliyeonewa aliweza kuhama na kwenda kwa mwingine. Sasa chifu alikuwa na hati. Heri iliyotoka kwa mfalme na kwa watu ilianza kutoka katika karatasi. Muda si muda pamba iliingia, na pamoja nayo fedha, nyumba za mabati, baiskeli, na shule. Mwaka 1922 ilianzishwa shule ya ufundi juu ya kilima cha Makerere.

Wako waliouona wakati huo kuwa ni wa neema tupu. Kabaka Daudi Chwa, aliyetawala tangu utotoni mwaka 1897 hadi alipofariki mwaka 1939, hakuwa miongoni mwao. Mwaka 1935 aliandika kijitabu juu ya elimu, ustaarabu na kile alichokiona kuwa ni kugeuzwa wageni katika nchi yao. Hakuikataa elimu, yeye mwenyewe alikuwa tunda lake. Hoja yake ilikuwa kwamba Waganda walikuwa na maadili makali ya kwao kabla ya kuja kwa wageni, na kwamba kijana anayedhani ustaarabu ni mavazi na starehe za Ulaya amepoteza kimoja bila kupata cha pili. Kwa maneno yetu, alihofu kwamba watu wake watapata raha na kuukosa utu uzima.

Kabaka huyo huyo ndiye aliyekipinga Kiswahili. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya elimu na utawala katika Uganda. Mwaka 1929 Daudi Chwa alitoa waraka wa kukataa. Mara nyingi sisi walimu wa Kiswahili tunamsimulia kama adui wa lugha yetu. Tukimsoma pamoja na kijitabu chake cha 1935 tutamwelewa vizuri zaidi. Kiswahili alicholetewa hakikuwa kile cha Maftaa, kilichokuja kujadiliana na mfalme. Kilikuwa kimeshikwa mkono na serikali ya kikoloni, na nyuma yake Waganda waliona kivuli cha kuunganishwa na Kenya ya masetla. Waliokuwa wanalinda ni nyumba yao. Matokeo yake ni kwamba mnamo mwaka 1952 Kiswahili kilitolewa katika orodha ya lugha zilizotambuliwa mashuleni, kikabakia zaidi katika jeshi na polisi.

Makerere yauliza upya

Hata hivyo kilima cha Makerere kiliendelea kuuliza. Kati ya mwaka 1943 na 1945 alisoma pale kijana mmoja kutoka Butiama, Julius Nyerere. Humo chuoni alisoma maandishi ya John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza aliyeifanya furaha ya walio wengi kuwa kipimo cha matendo mema, na aliandika insha iliyotumia fikra za Mill kuhusu hali ya wanawake katika jamii yake. Mwaka 1962, alipoandika waraka wake wa kwanza juu ya Ujamaa, Nyerere hakuanza na viwanda wala mashamba. Alianza na moyo: kwamba ujamaa ni tabia ya nafsi, na kwamba mtu hana haja ya kujilimbikizia mali ikiwa ana hakika kwamba jamii haitamwacha afe njaa. Twaweza kusema alirudisha heri kutoka katika hati ya chifu akaiweka tena kati ya watu.

Katika miaka ya 1960 John Mbiti, mwanatheolojia kutoka Ukambani, alifundisha Makerere, na kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika kikatoka mwaka 1969. Mbiti alishikilia kwamba kwa Mwafrika mtu huwa mtu kwa sababu ya wenziwe; shangwe yake si yake peke yake, na msiba wake si wake peke yake. Si fikra ngeni kwa Mswahili, anayesema kwa maneno matatu tu: "Mtu ni watu."

Naye Okot p'Bitek, Mwacholi aliyezaliwa Gulu mwaka 1931, alikuwa na jibu kali zaidi. Mwaka 1966 alitoa Song of Lawino, utenzi wa mke anayemlalamikia mumewe msomi aliyezidharau desturi za watu wake. Paul Sozigwa ndiye aliyeufasiri kwa Kiswahili kwa jina la Wimbo wa Lawino. Mwaka huo huo Okot alishika uongozi wa Kituo cha Utamaduni cha Taifa mjini Kampala, akafungua milango yake kwa ngoma na nyimbo za watu wa vijijini, mahali ambapo hapo kabla palitawaliwa na michezo ya kigeni.

Okot alimlaumu Mbiti na wengineo kwamba wanaivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kiyunani ili Wazungu waipende. Katika insha zake alipinga pia dhana ya Rousseau kwamba mtu huzaliwa huru. La, alisema: mtu huzaliwa akiwa amefungwa kwa kamba nyingi, za mama, za ukoo, za majirani, na mtu asiye na kamba hizo hayuko duniani. Kwake maisha mema si kuzikata kamba, bali kuzibeba vizuri. Waganda wana methali inayofanana na hoja hii: "Kamu kamu gwe muganda," yaani kijiti kimoja kimoja ndicho hufanya tita. Kijiti hakipotezi umbo lake ndani ya tita. Kinachopata ni nguvu ya kutovunjika.

Mabishano ya namna hiyo yalihitaji mahali penye usalama. Mahali hapo palikuwa panakaribia kutoweka.

Lugha kinywani mwa bunduki

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi lilishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Tarehe 25 Januari 1971 Jenerali Idi Amin alitwaa serikali. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia, akawapa siku tisini. Mwaka huo huo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mahakamani asionekane tena, na Frank Kalimuzo, mkuu wa Makerere, akatoweka vivyo hivyo. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na mwaka huo pia aliuawa Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa mkuu wa Jumba la Michezo la Taifa.

Katikati ya yote hayo, mwaka 1973, Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kwa wapenzi wa lugha ilikuwa habari njema iliyoletwa na mjumbe mbaya. Tangu siku za King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Mkazi wa Kampala ambaye hakukisoma shuleni alikisikia katika kizuizi cha barabarani, usiku, katika umbo la amri. Hali haikumalizika Amin alipoanguka. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliingia Kampala, na kwa muda mfupi Kiswahili kikawa lugha ya wakombozi. Lakini katika miaka ya mwanzo ya 1980 vita na misako vilirudi. Askari walizingira mtaa, wakawatoa watu nyumbani na kuwapakia katika malori kwenda kuchunguzwa, na wako ambao hawakurudi. Watu wa Kampala waliziita operesheni hizo kwa maneno mawili waliyoyasikia: panda gari.

Mwalimu wa Kiswahili na ayatafakari maneno hayo mawili. Ni katika maneno ya kwanza kabisa tunayomfundisha mgeni. Hayana kosa la sarufi wala la adabu yakisemwa na kondakta kumwambia abiria. Lakini kwa mama aliyesimama mlangoni akimtazama mwanawe akipanda, yalikuwa maneno ya kuondolewa heri yote. Lugha ile ile yenye hujambo ilikuja kwake kama jambo lenyewe.

Je, lugha ndiyo yenye lawama? Hapana. Amri hizo zingalikuwa chungu katika lugha yoyote. Lakini haitoshi kusema hivyo tukapita. Historia imeweka kati ya Kiswahili na masikio ya Waganda wengi kitu ambacho hakiondolewi kwa kutaja idadi ya wasemaji wake au faida zake sokoni.

Kazi iliyo mbele ya mwalimu

Leo sheria iko upande wetu. Badiliko la katiba la mwaka 2005 lilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali kukitumia kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tuyapokee hayo kwa shukrani na kwa tahadhari. Neno "lazima" Waganda wamelisikia mara nyingi kwa Kiswahili. Gowers mwaka 1927 na Amin mwaka 1973 walikileta kwa amri, na kila mara amri ilikipunguzia kibali. Aliyefanikiwa zaidi ni Maftaa, asiyekuwa na askari hata mmoja. Alikuwa na kitabu na subira.

Basi tunapendekeza mambo matatu kwa wenzetu.

Kwanza, tufundishe lugha ya kuombana kabla ya lugha ya kuamrishana. Vitabu vingi huanza na simama, kaa, njoo, leta. Hakuna kinachotuzuia kuanza na "naomba ukae", "karibu upite", "tafadhali uniletee". Kitenzi kinachoishia kwa -e kina heshima ndani yake, kwa kuwa kinamwachia msikilizaji nafasi ya kukubali. Mwanafunzi wa Kampala aliyeanza na "naomba upande" atakuwa amepewa Kiswahili ambacho bibi yake hakukisikia.

Pili, tufundishe kwa kulinganisha. Mwanafunzi aonyeshwe kwamba obuntubulamu na utu uzima ni ndugu, kwamba abasomi na wasomi ni ndugu, na kwamba tita la Waganda na "Mtu ni watu" yanafundisha jambo moja. Lugha inayogundua kwamba ina ndugu ndani ya nyumba haiji tena kama mvamizi. Nasi pia tutafaidika. Kiswahili chetu kimeliachia neno utu uzima liwe la umri tu; Waganda wanaweza kutukumbusha maana tuliyoisahau.

Tatu, tusifiche historia. Mwanafunzi akiuliza kwa nini babu yake hakipendi Kiswahili, asiambiwe kwamba babu hana habari. Aelezwe juu ya panda gari. Aelezwe pia kwamba katika lugha hiyo hiyo mtu wa Unguja alimsomea Kabaka habari za thamani ya roho, na kwamba kabla yake mgeni mmoja alisimama barazani akawatetea watu waliokuwa wakipelekwa kuuawa. Akishayajua yote mawili, achague mwenyewe Kiswahili kipi ataendeleza.

Hitimisho

Tumeona kwamba majibu ya swali la maisha mema yamebadilika katika Kampala: kibali cha mfalme, wokovu wa roho, hati ya ardhi, elimu ya kigeni, jamii, nguvu ya bunduki. Si yote yaliyokuwa mabaya. Imani iliwapa vijana ujasiri ambao dunia nzima inaukumbuka. Ardhi na shule ziliwainua wengi. Lakini kila jibu lilipomtenga mwenye heri na jirani yake, liligeuka kuwa msiba. Wasomaji wa mwaka 1886 walipigana mwaka 1892. Wenye hati walisahau kwamba zamani heshima yao ilitoka kwa watu. Wenye bunduki waliishi kwa raha kwa muda, wakaogopwa, wakaondoka.

Wahenga wa pande zote mbili hawakuahidi kwamba mwenye utu uzima atafurahi. Kiwanuka na Luwum hawakupata mwisho wa raha. Walichosema wahenga ni kwamba furaha isiyo na utu haina mahali pa kukaa, kama kijiti kilichotolewa katika tita. Kwa hiyo mwalimu anayeingia darasani Kampala na kuwaamkia wanafunzi wake "Hamjambo?" anauliza swali zito kuliko anavyodhani. Yampasa awe tayari kusikiliza jibu, hata likiwa la Luganda, na hata likiwa refu. Tunawaomba walimu wenzetu walijadili jambo hili katika matawi yao na kutuandikia waliyoyaona madarasani.